Shabiki, Mtunzi na Mwenye Haki: Mfano wa Asembo

Mwanafunzi aliyeipenda riwaya teule hata akaitungia mwisho mwingine, je, ni mwizi au ni mtunzi? Swali hili huwatatiza walimu wengi, hasa msimu wa tamasha za drama unapowadia.

Tuanzie Asembo, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, alikozaliwa Grace Ogot mwaka wa 1930. Riwaya yake ya Kijaluo, Miaha (1983), imejengwa juu ya kisa simulizi: hapo kale jembe lililima lenyewe, hadi bi arusi mmoja alipokaidi agizo na kulima kwa mikono yake. Ogot hakukibuni kisa hiki, alikirithi. Alichobuni ni usemi na nafsi za wahusika. Kila fanani hufanya vivyo hivyo: hupokea kisa, akakitia chumvi yake, na hadhira ikamshangilia.

Kisa kikishaandikwa, hali hubadilika. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mwandishi maishani na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Ogot alifariki mwaka wa 2015. Miaha basi inalindwa hadi mwisho wa 2065. Kuigeuza kuwa tamthilia au filamu kunahitaji idhini. Hata masimulizi ya jadi yana walinzi: sheria ya 2016 inazitambua haki za jamii juu ya sanaa zao.

Mbona basi mashabiki wengi hawashtakiwi? Aghalabu wafanyabiashara wa burudani hufumba macho mradi shabiki hauzi chochote. J.K. Rowling aliwahi kuisifu tovuti ya shabiki iliyofafanua ulimwengu wa Harry Potter. Ilipokusudiwa kugeuzwa kitabu cha kuuzwa, yeye na kampuni ya Warner Bros. walikwenda mahakamani New York, wakashinda mwaka wa 2008. Kufumbiwa macho si kupewa idhini.

Mwalimu, usimkataze mwanafunzi kuendeleza kisa darasani. Kwa njia hiyo atauelewa msuko barabara. Ila kabla ya kutoza kiingilio au kusambaza video, mwandikie mchapishaji, na umtaje mtunzi asilia daima.

Zoezi: Kitungie kisa kimoja cha kwenu mwisho mpya. Eleza ulichorithi na ulichobuni.