Kanada: Nunavut, eneo linalokaribia ukubwa wa Kongo, lina mbunge mmoja tu

Kura 41. Ndizo zilizomrudisha mama Lori Idlout kwenye bunge la taifa la Kanada katika uchaguzi wa tarehe 28 Aprili 2025. Yeye alipata kura 2,853, na Kilikvaq Kabloona wa chama cha Kiliberali akapata 2,812.

Eneo lake la uchaguzi, Nunavut, liko kaskazini kabisa, kwenye barafu. Lina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2, wakati DRC nzima ina milioni 2.3. Lakini sensa ya 2021 ilihesabu wakaaji 36,858 tu, na karibu 85 kwa kila 100 ni Inuit, wenyeji wa asili wa sehemu hizo.

Hakuna barabara inayounganisha miji na vijiji vyake 25. Bidhaa zinaletwa kwa ndege, au kwa meli wakati wa kiangazi, ndiyo maana chakula ni ghali sana. Mgombea naye anaomba kura kwa kupanda ndege kijiji kwa kijiji, na tiketi si za bei ya kuchekea.

Sheria ya 1934 iliwanyima Inuit haki ya kupiga kura. Walirudishiwa mwaka 1950, lakini masanduku yalifika katika vijiji vyao vyote vya mashariki mwaka 1962 tu. Peter Ittinuar, Inuit wa kwanza kuwa mbunge, alichaguliwa 1979.

Kuchagua ni jambo moja, kusikilizwa ni lingine. Mumilaaq Qaqqaq, aliyechaguliwa 2019 akiwa na miaka 25, alizunguka nyumba zilizojaa watu kupita kiasi, kuta zimeota kuvu, akaandika ripoti. Mwaka 2021 alikataa kugombea tena, akisema hakuwahi kujisikia salama bungeni.

Idlout, mwanasheria, ndiye aliyemfuata. Ila katika uchaguzi wa 2025 chama chake cha wakati huo, NDP, kilibaki na viti 7. Chama kisichofikisha wabunge 12 hakitambuliwi rasmi bungeni, kwa hiyo kinapewa nafasi chache za kuuliza serikali maswali.

Hata hivyo, Waliberali wa waziri mkuu Mark Carney walitoka kwenye uchaguzi huo na viti 169, na wingi unadai 172. Katika hesabu ya namna hiyo, kura ya mbunge wa Nunavut haikuwa ya kudharauliwa.