Sauti Isiyouzwa Yafika Buigiri

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Morogoro hupita Buigiri kwa haraka. Huona mibuyu, mashamba ya mtama na uwele, na akina mama wenye biashara ndogo ndogo kando ya barabara, kisha huendelea na safari yake. Wengi hawajui kwamba hapo Buigiri, wilayani Chamwino, ipo shule ya watoto wasioona iliyoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950. Watoto wengi wamejifunza hapo kusoma kwa vidole, kwa maandishi ya nukta nundu.

Je, msomaji mpendwa, umewahi kujiuliza mtoto huyo hufanya nini akimaliza masomo na kurudi nyumbani? Vitabu vya nukta nundu ni vikubwa, tena ni vichache. Biblia nzima peke yake hujaza rafu. Kijijini hakuna hata kitabu kimoja. Yule aliyekuwa msomaji hodari darasani huketi kivulini akibangua karanga, akisubiri mtu mwenye nafasi aje amsomee barua yake mwenyewe.

Binti mmoja wa aina hiyo ndiye aliyetufanya tuandike makala haya.

Dakika 40

Sisi wauguzi tunaojitolea kanisani tuna desturi ya kuzitembelea familia zenye wagonjwa na walemavu. Alasiri moja tulifika kwa mama mjane ambaye binti yake alipoteza macho akiwa mdogo, baada ya kuugua surua. Sisi wa Dodoma tunaijua habari hiyo. Katika miaka ya 1980, kazi ya madaktari wa macho katika hospitali ya Mvumi, wilaya hii hii, ilionyesha jinsi surua, upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji za macho zilivyokuwa zikiwapofusha watoto. Chanjo na matone ya vitamini A vimeokoa macho mengi tangu wakati huo. Lakini tukubali ukweli: sisi wauguzi tulifundishwa sana kuzuia upofu, na kidogo mno juu ya maisha ya yule ambaye macho yake hayarudi tena.

Mama yule aliuza mbuzi 2, akaongeza fedha za upatu, akamnunulia binti yake kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika. Fundi mmoja wa mjini akaiwekea programu inayosoma kwa sauti maneno yaliyo kwenye kioo. Tulimkuta binti akiandika kwa kasi ya ajabu, na mama yake ameikazia macho saa ya ukutani.

"Mbona una haraka hivyo, mwanangu?" tulimwuliza.

"Shikamooni, mama zangu. Samahani, zimebaki dakika 6," alijibu bila kuinua vidole.

Kumbe fundi alikuwa ameweka programu ya kuuzwa katika hali yake ya majaribio, naye hakusema. Kila baada ya dakika 40 sauti ilinyamaza, na haikurudi mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Binti alikuwa amejizoeza kuishi kwa vipande vya dakika 40. Kuinunua programu ile kihalali kulihitaji mamia ya dola za Marekani. Mbuzi wote wa boma lile wasingefikisha fedha hizo. Tulirudi nyumbani mioyo imetulemea.

Tulitumwa kuonya, tukafundishwa

Wiki hiyo hiyo mama mwingine wa kikundi chetu alituvuta pembeni baada ya ibada. Kijana wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akirudi kazini jioni na kukaa mbele ya kompyuta hadi usiku wa manane. "Kazi yenyewe hailipwi," alilalamika. "Anatengeneza, kisha anagawa bure kwa watu asiowajua. Tafadhali mwonyeni, huenda atawasikia ninyi."

Tukaenda. Kijana alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akatuuliza swali: "Mama, mkipika maandazi yakapendwa, mwenzenu akiomba kujua mlivyopika, mnafanyaje?"

Tulijibu kwamba tunamweleza: unga kiasi gani, hamira kiasi gani, iliki kiasi gani.

"Naye akiongeza tui la nazi yakawa matamu zaidi?"

"Atatuambia, nasi tutafaidi."

"Basi hiyo ndiyo programu huria," alisema.

Alitueleza kwamba kila programu ya kompyuta ni maagizo yaliyoandikwa, kama maelezo ya mapishi. Kampuni nyingi huuza andazi na kuficha maelezo yake. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kwamba ataanza kutengeneza programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuwapa wengine. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21, alianza kama kujifurahisha tu kuandika kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, akaualika ulimwengu umsaidie. Kazi hiyo ya kujifurahisha, iitwayo Linux, leo imo ndani ya simu nyingi sana tunazobeba katika mikoba yetu, maana Android imejengwa juu yake. Tena mwaka 1993 kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi kilitoa mfumo wa kurasa za intaneti utumiwe na kila mtu bila malipo. Kwa sababu hiyo, kijana wa Buigiri anaweza kutengeneza ukurasa bila kuomba kibali cha mtu.

Tulipoona ametulia, tukamweleza habari za binti wa dakika 40. Kijana akanyamaza kidogo. Kisha akainuka na kuchukua flashi iliyokuwa juu ya meza.

Wasioona walijitengenezea wenyewe

Siku ya Jumamosi tuliongozana naye mpaka kwa yule mjane. Njiani alitusimulia habari iliyotushangaza. Huko Australia walikuwepo vijana 2 wasioona, Michael Curran na James Teh, waliofahamiana utotoni katika kambi ya muziki ya watoto wasioona. Waliona si haki kwamba mtu asiyeona alipe fedha nyingi juu ya bei ya kompyuta yenyewe, ili tu apate kuitumia kama wengine. Mwaka 2006 Curran alianza kuandika programu ya kusoma kioo, na Teh akaungana naye. Waliiita NVDA. Haiuzwi. Huendelea kwa michango ya fedha na kwa kazi za watu wa kujitolea wa nchi nyingi, nayo imekwisha kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 50.

Na sauti yenyewe? Ilianzia kwa Mwingereza aitwaye Jonathan Duddington, aliyetoa programu yake ya kwanza ya kuzungumza mwaka 1995, kwa Kiingereza tu. Mwaka 2006 aliitoa iwe huria, na baadaye ikajulikana kwa jina la eSpeak. Kwa kuwa maagizo yake yako wazi, lugha nyingine ziliongezwa moja baada ya nyingine, Kiswahili kikiwemo. Sauti hiyo haina utamu wa mtangazaji wa redio. Ni kavu, kama mtu azungumzaye akiwa amebanwa pua. Lakini ni nyepesi, nayo haihitaji intaneti wala kompyuta mpya.

Dakika ya 41

Kijana alichomeka flashi. NVDA inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi yenyewe, bila kuingizwa kwanza katika kompyuta. Mwanzoni sauti ilisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na barua ya binti kwa shangazi yake ikageuka kichekesho. Sote tulicheka, mjane akicheka kuliko wote. Kijana akaingia sehemu ya kuchagua sauti, akachagua Kiswahili. Binti akaweka vidole vya shahada juu ya herufi F na J, zile zenye vijinundu ambavyo sisi tuonao hatujawahi hata kuvitilia maanani, akaanza kusoma tangu mwanzo.

Tulikaa, tukanywa chai. Dakika 20 zikapita, kisha 30. Ilipofika dakika ya 38 binti alipunguza mwendo, mabega yakainuka, kama mtu angojaye kupigwa. Dakika ya 40 ikafika. Sauti ikaendelea kusoma. Ya 41, ikaendelea. Mama yake aliondoka akaingia jikoni, tukamsikia akijipenga kamasi. Alipotoka aliishusha ile saa ukutani, akasema kwamba sasa inahitaji kufutwa vumbi.

Wala haikuishia hapo. Kijana alikuwa amewatengenezea wanakwaya ukurasa wenye picha nyingi za kupendeza, akampa binti aukague. Binti akasikiliza, kisha akasema, "Kaka, hapa nasikia majina ya faili na namba tu. Ni picha ya nini?" Kijana aliona haya. Hakujua kwamba kila picha iwekwayo kwenye ukurasa ina mahali pa kuandikiwa maelezo mafupi, ili asiyeona asomewe. Tangu siku hiyo binti amekuwa mkaguzi wake.

Bure na huria

Baadhi yenu mtasema: cha bure kina kasoro. Ni kweli tuwe na hadhari. Si kila kitolewacho bure ni huria. Zipo programu za bure zinazokusanya siri za watu, na zipo zilizoibwa zinazoleta virusi. Bure ni habari ya bei. Huria ni habari ya ruhusa: kila mwenye ujuzi anaweza kufungua na kuona kilichomo ndani. Hata kitu huria kina gharama, ila gharama hiyo imebebwa na mwingine, kwa usiku wake na macho yake yaliyochoka.

Watanzania nasi tumewahi kuibeba. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haiishi. Maneno mapya huzaliwa, makosa ya matamshi hubaki, na hakuna Mwingereza wala Mwaustralia atakayeyasikia kama tunavyoyasikia sisi.

Ushauri wetu kwa wazazi

Mtoto wako akipenda kompyuta, usiseme upesi kwamba amepotea. Mwombe akuonyeshe anachotengeneza na akueleze kitamfaa nani. Mpangie saa za kulala, kwa maana mwili unahitaji usingizi, na kazi ya mikono inayomlisha isitupwe. Kisha mtafutie mtu wa kumhudumia. Ujuzi usio na jirani hugeuka mchezo.

Kama nyumbani mwako yuko asiyeona au mwenye uoni hafifu, usinunue programu kabla hujamwuliza mtu mwaminifu juu ya NVDA. Fundi akikuwekea programu yoyote, mwulize waziwazi: ni yako kihalali, ni ya majaribio, au ni huria? Na ninyi wenye afya, msisahau kinga: chanjo ya surua, matone ya vitamini A, na kuwanawisha watoto nyuso zao kila siku, kwa kuwa trakoma nayo imewapofusha wengi katika nyanda hizi kavu.

Mama yule aliyetutuma kumwonya mwanawe alituuliza baadaye, "Je, amesikia?" Tulimjibu kwamba kwanza aje nasi Jumamosi kwa yule mjane, asikie mwenyewe. Alikuja. Binti alimsomea ukurasa mzima wa kwaya, pamoja na maelezo ya picha aliyosimama yeye mwenyewe, mstari wa mbele, amevaa kitenge cha bluu.

"Nani amekuambia kitenge changu ni cha bluu?" aliuliza kwa mshangao.

"Mwanao, mama," binti alijibu. "Ameandika."