Picha za kwenye sigara na ardhi ya watu

Wenzetu wanaolima tumbaku Kasulu na Kibondo wanaijua mpaka kwenye marobota. Leo tuifuate hadi kwenye pakiti.

Zamani, Marekani na Ulaya, ndani ya pakiti ya sigara mlikuwa na kadi ngumu ya kuzuia sigara zisivunjike. Wenye viwanda wakaichapa picha. Mteja akitaka kukamilisha seti, anunue pakiti nyingine, na nyingine. Biashara hiyo!

Mwaka 1888 kampuni ya Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, ilitoa seti ya picha 50 za machifu wa Wahindi Wekundu, yaani wenyeji wa asili wa Marekani. Mmoja wao ni Geronimo wa Waapache. Kwenye kadi ni chifu mwenye fahari. Lakini mwaka huohuo Geronimo mwenyewe alikuwa mfungwa wa vita, tangu alipojisalimisha Septemba 1886, na alikufa mwaka 1909 bado mfungwa. Tena mwaka 1887 Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kuikata ardhi ya makabila vipande vya mtu mmoja mmoja, na iliyobaki ikafunguliwa kwa walowezi. Mvutaji alipata picha ya chifu. Habari za shamba la chifu hakuzipata. Kwangu mimi, siasa ya kadi ile iko hapo.

Usidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 1936 wavutaji wa Ujerumani walikuwa wakibandika picha kwenye albamu iliyoitwa Deutsche Kolonien, maana yake Makoloni ya Kijerumani. Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwemo, na huku kwetu Buha kulikuwa sehemu ya koloni hilo. Wakati huo Mjerumani alikuwa ameshaondoka Kigoma miaka 20: Wabelgiji kutoka Kongo walimtoa mwaka 1916, kisha Waingereza wakapokea mwaka 1921. Kwa nini basi albamu? Kwa sababu serikali ya Hitler ilikuwa ikidai makoloni yarudishwe. Mtu wa Dresden ambaye hajawahi kukanyaga Kasulu alizoeshwa, picha kwa picha, kuiona nchi ya watu wengine kama mali ya kwao iliyopotea. Waha hakuna aliyewauliza.

Ukiwa na bando, kadi za Allen & Ginter zipo kwenye tovuti ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Mkusanyaji mmoja, Jefferson Burdick, aliwapa hazina yake yote ya kadi.