Kupima Kabla ya Kuwasha: Mfano wa Trekta ya Umeme

Katika somo la umeme ni rahisi kuwaonyesha watoto jinsi ya kuwasha taa, tukasahau kuwafundisha kupima chombo kabla ya kukiwasha. Tutaeleza utaratibu huo kwa mfano wa Elec-Trak, trekta ndogo ya bustani iliyoanza kuuzwa na kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1969. Huendeshwa kwa betri sita za volti 6, yaani volti 36, na mpaka leo wapo mafundi wanaozifufua.

Volti 36 si nyingi, lakini betri hizo zaweza kutoa mamia ya ampea. Spana ikigusa ncha zake mbili kwa pamoja, hupata moto papo hapo na kuunguza mkono. Kwa hiyo fundi huvua saa na pete, akavaa miwani ya kukinga macho, kisha hufuata hatua nne:

1. Kutazama. Betri kuukuu huondolewa. Fundi hutafuta kutu, mabaki ya asidi, na waya zilizotafunwa na panya.

2. Kupima bila umeme. Kwa mita hutambua waya zilizokatika na zile zinazogusana isivyotakiwa.

3. Kutia nguvu kidogo. Magurudumu ya nyuma huinuliwa na kuegemezwa juu ya magogo imara, ndipo mota hupewa volti 12 tu kupitia fyuzi. Koili za sumaku za mota huunganishwa kwanza, kwa sababu zikikosa umeme mota yaweza kuzunguka kwa kasi ya hatari.

4. Kutia nguvu kamili. Betri nzima huchajiwa mahali penye hewa ya kutosha, maana hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche.

Kila hatua hujibu swali moja, na jibu baya husimamisha kazi.

Darasani hatuhitaji trekta. Kila kikundi kipewe betri mbili za tochi, balbu, na sakiti yenye kasoro iliyofichwa. Ubaoni tuandike: Tunauliza nini? Tunatazamia nini? Tumeona nini? Umeme wa nyumbani usiguswe kamwe katika zoezi hili.

Mtoto asiyeweza kusema anatazamia nini asiruhusiwe kuunganisha waya. Mazoea hayo ndiyo yatakayomlinda siku atakapokuwa peke yake mbele ya mashine kubwa.