Msomaji Anayebisha Ndiye Anayesoma

Wapo watu ambao taaluma ya fasihi haijawapa heshima wanayostahili. Hao ni wasomaji wa kawaida, wasio na shahada wala cheo, ambao huichukua riwaya wanayoipenda wakaisoma mara tatu au nne, kisha wakaketi kubishana. Fulani alikuwa mtoto wa nani? Nani aliyemuua fulani? Kiumbe yule alikuwa na mabawa au hakuwa nayo? Wengi wetu tulio vyuoni huuona ubishi huo kuwa porojo za watu waliokosa la kufanya. Katika makala haya ninakusudia kuonyesha kwamba porojo hizo, zikichunguzwa vyema, zina nidhamu ya usomaji ambayo madarasa yetu mengi ya fasihi yameipoteza.

Ubishi wa aina hii umeshamiri hasa miongoni mwa wapenzi wa riwaya ndefu za fantasia, yaani zile zinazobuni ulimwengu mzima wenye historia, koo, dini na hata lugha zake. Mwingereza J. R. R. Tolkien alichapisha "The Lord of the Rings" katika juzuu tatu kati ya 1954 na 1955. Mmarekani Robert Jordan alianza "The Wheel of Time" mwaka wa 1990, na ulipokamilika mwaka wa 2013 mfululizo huo ulikuwa na vitabu vikuu 14. Mmarekani mwingine, George R. R. Martin, alitoa mwaka wa 1996 kitabu cha kwanza cha mfululizo uitwao "A Song of Ice and Fire". Kitabu cha tano kilitoka mwaka wa 2011, na wasomaji wakalazimika kukisubiri cha sita kwa zaidi ya mwongo mzima. Baina ya kitabu na kitabu kuna miaka ya kungoja, na katika kungoja huko ndimo nadharia zinamozaliwa.

Tuanze na Martin. Mmoja wa wahusika wake wakuu, Jon Snow, analelewa akijua kwamba yeye ni mtoto wa nje ya ndoa wa bwana mkubwa wa kaskazini, Eddard Stark, aliyerudi vitani na mtoto mchanga asiyetaka kusema mama yake ni nani. Kabla ya miaka ya 1990 kumalizika, wasomaji walikuwa wamekwisha kutoa nadharia kwamba Eddard si baba wa kijana huyo bali ni mjomba wake. Mama, walisema, ni Lyanna, dada yake Eddard aliyefariki dunia, na baba ni mwanamfalme Rhaegar, aliyeuawa katika vita vivyo hivyo.

Walijuaje? Hakuna ukurasa katika vitabu hivyo uliosema hivyo. Walijua kwa kuuliza maswali kuhusu mambo madogo ambayo msomaji mvivu huyaruka. Kwa mfano, walinzi watatu walioapa kuilinda familia ya kifalme wanakutwa wakilinda mnara ulio mbali ilhali mfalme na mrithi wake wamekwisha kuuawa. Wanamlinda nani huko? Katika mnara huo ndimo Lyanna anamofia, akimshika nduguye kwa ahadi ambayo msimulizi haitaji ni ya nini. Kabla ya vita, Rhaegar alimpita mkewe hadharani akampa Lyanna taji la mawaridi ya samawati. Kisha, katika kitabu cha pili kilichotoka mwaka wa 1998, mhusika mwingine anaona katika njozi ua la samawati likichipuka kwenye ufa wa ukuta wa barafu. Jon Snow wakati huo ni askari kwenye ukuta mkubwa wa barafu. Kila dalili ikiwa peke yake ni pambo tu. Zikikusanywa pamoja, zinakuwa hoja.

Kwetu sisi wanaisimu ipo dalili moja tamu zaidi. Mkewe Eddard anapothubutu kumuuliza habari za mtoto huyo, Eddard anamwamuru asiulize tena, akimwambia kwamba mtoto ni damu yake na hilo linatosha. Wasomaji makini walisita hapo. Kwa nini "damu yangu" na si "mwanangu"? Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa swali hili, maana kwetu damu ni pana kuliko uzazi. Mpwa ni damu. Binamu ni damu. Mtu anaweza kutamka neno hilo bila ya kusema uongo, na wakati huohuo akauficha ukweli wote. Hii ndiyo kazi tunayowaita wanafunzi wetu kuifanya tunapozungumzia uteuzi wa msamiati: kuuliza si neno lina maana gani tu, bali kwa nini limechaguliwa hili badala ya jirani yake.

Tamthilia ya televisheni iliyotokana na riwaya hizo ilionyesha mwaka wa 2016 kwamba mama yake Jon ni Lyanna, na mwaka uliofuata ikathibitisha baba. Hata hivyo jambo linalonivutia si kwamba wasomaji walipatia. Martin amewahi kueleza kwamba mwandishi hapaswi kuigeuza hadithi yake kwa sababu tu baadhi ya wasomaji wameikisia, kwani dalili alizozipanda tangu mwanzo zitakuwa zimewadanganya. Kwa maneno mengine, baina ya mwandishi na msomaji mwangalifu pana mkataba: ukiniwekea alama njiani, nami nikazifuata, usiuhamishe mji.

Mfano wa pili unatoka kwa Tolkien, ambaye mwenyewe alikuwa profesa wa lugha katika Chuo Kikuu cha Oxford. Katika juzuu yake ya kwanza, mchawi Gandalf anakabiliana darajani, chini ya ardhi, na zimwi la moto na giza liitwalo Balrog. Kwanza msimulizi anasema kwamba kivuli kilicholizunguka zimwi hilo kilitanda kama mabawa mawili makubwa. Aya chache baadaye anasema kwamba mabawa yake yalienea kutoka ukuta hadi ukuta. Je, Balrog ana mabawa? Wapenzi wa Tolkien wamebishana juu ya jambo hili kwa miongo kadhaa, na bado hawajapatana.

Mwalimu wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba huu ni ubishi juu ya tashbihi na sitiari. Kundi moja linasema kwamba mlinganisho ukishawekwa kwa neno "kama", msimulizi ana ruhusa ya kuendelea nao bila ya kulirudia neno hilo. Mabawa ya pili basi ni kile kile kivuli cha kwanza, sasa kikiwa sitiari. Kundi la pili linasema kwamba giza lilikuwa likijiunda mbele ya macho yetu, na kilichoanza kama mfano kimekwisha kuwa kitu halisi. Kundi la kwanza hujibu kwamba zimwi hilo lilitumbukia shimoni, na lingekuwa na mabawa lingeruka. La pili hujibu kwamba mbuni ana mabawa na haruki. Mtu anaweza kucheka, lakini nawaomba walimu wajiulize: ni lini mara ya mwisho wanafunzi wao walikosana kwa sababu ya tashbihi? Sisi tumewafunza kuitafuta alama ya "kama", kuipigia mstari na kuchukua alama moja ya mtihani. Hawa wanajiuliza tashbihi hiyo inafanya kazi gani, inaanzia wapi na inaishia wapi.

Sitaki kuwapamba wasomaji hawa kupita kiasi. Wana maradhi yao pia. La kwanza ni kuona dalili kila mahali. Mtu akishaipenda nadharia yake, kila jina, kila rangi na kila ndoto huwa ushahidi, na lile lisilokubaliana nayo huwa hila ya mwandishi ya kuwapoteza wajinga. Nadharia isiyoweza kukanushwa na chochote si nadharia, ni imani. Katika isimu tunatumia istilahi ya nadharia tete kwa dhana ambayo bado inangoja kupimwa, na utete wenyewe ndio heshima yake. Anayeitoa anakubali kwamba kesho huenda ikavunjika.

La pili ni kumgeuza mwandishi kuwa hakimu. Hapa mfano wa Jordan unafaa. Mwishoni mwa kitabu chake cha tano, kilichotoka mwaka wa 1993, mhusika aitwaye Asmodean anafungua mlango, anamtambua mtu aliye mbele yake na kuuawa papo hapo, bila ya msomaji kuambiwa muuaji ni nani. Jordan alishikilia kwamba dalili za kutosha zimo vitabuni. Wasomaji wakaanza kupeleleza: nani alikuwa karibu na mahali pale, nani alikuwa na uwezo, nani alikuwa na sababu, nani angemshtua marehemu kiasi hicho? Jordan alifariki dunia mwaka wa 2007 kabla ya kuumaliza mfululizo, na kazi hiyo ikakabidhiwa Brandon Sanderson. Jina la muuaji lilithibitishwa waziwazi mwaka wa 2010, katika faharasa ya maelezo iliyo nyuma ya kitabu cha 13. Ni Graendal, mmoja wa waliokuwa wakishukiwa siku nyingi. Ubishi wa miaka 17 ukazimwa na mstari mmoja wa faharasa.

Sasa tujiulize, faida ilikuwa wapi? Ikiwa ilikuwa katika jina, basi mtu angeweza kukaa miaka 17 bila ya kusoma, kisha akafungua ukurasa wa mwisho akalipata. Aliyelifikia jina hilo kwa kupima mahali, wakati na nia alikuwa na kitu ambacho faharasa haiwezi kumpa mtu. Hata yule aliyemshuku mwingine kwa hoja nzuri alitoka akikifahamu kitabu kuliko aliyebahatisha. Tolkien alilielewa jambo hili kwa njia yake. Katika barua ya mwaka wa 1954 alieleza kwamba hadithi inahitaji mafumbo yasiyofumbuliwa, na kwamba mhusika wake Tom Bombadil, ambaye wasomaji hawachoki kuuliza ni kiumbe wa aina gani, ni fumbo aliloliacha makusudi.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya kigeni, ya mazimwi na mabawa, yasiyotuhusu. Nami namkumbusha Fumo Liyongo. Wataalamu wa ushairi wa Kiswahili wametofautiana kwa karne kadhaa kuhusu wakati alioishi shujaa huyo, na hoja zao zimetegemea yale yale: neno hili ni la kale kiasi gani, mji uliotajwa ulisitawi lini, jina hili limetoka wapi. Tunapofanya hivyo sisi, tunaita utafiti. Wanapofanya wasomaji wa kawaida, tunaita upuuzi.

Tatizo letu ni kwamba tumeyaondoa maswali kutoka katika darasa la fasihi tukabakisha majibu. Mwanafunzi wa sekondari aghalabu huukuta mwongozo kabla ya kuikuta riwaya. Mwongozo humwambia mapema nani atakufa, nani ni msaliti, maudhui ni mangapi na mhusika mkuu ana sifa zipi. Mwulize mwanafunzi huyo mhusika yukoje, atakujibu kwa wepesi: ni mkarimu, ni mvumilivu, ni mwenye busara. Mwulize amejuaje, atakwambia imeandikwa. Hajanyimwa akili; amenyimwa kungoja. Hakuwahi kufika katikati ya kitabu akiwa hajui kitakachofuata, na asiyewahi kutojua hawezi kutoa nadharia tete.

Dawa yake haihitaji fedha wala mtaala mpya. Mwalimu na aisimamishe riwaya katikati, aamuru vitabu vifunikwe, kisha awaulize wanafunzi kitatokea nini na kwa sababu zipi. Kila mmoja aandike utabiri wake pamoja na ukurasa unaoutegemea. Wagawanyike makundi, wabishane, na asiyekuwa na ukurasa anyamaze. Kabla ya kuendelea, kila kundi liulizwe: ni jambo gani likitokea mtakubali kwamba mmekosea? Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo amejifunza kitu kitakachomfaa mahakamani, maabarani na katika kituo cha kupigia kura. Kitabu kikiisha, asiadhibiwe aliyekosea kwa hoja, wala asisifiwe mno aliyebahatisha.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wasomaji wa riwaya hizi wameinama kwa hiari yao, bila ya mtihani wala cheti, wakaliuliza neno moja kwa nini limekaa pale lilipokaa. Wanafunzi wetu wana macho na akili kama wao. Tuwarudishie maswali yao, na miongozo ingoje hadi riwaya imalizike.