Kolesteroli ya ubongoni haitokani na brosheti

Wasomaji wengi wa Kigali walioniandikia kuhusu maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huigeukia mayelini, ile ala ya mafuta inayofunika mishipa ya fahamu, wanauliza kama waache brosheti za mbuzi. Brosheti hazihusiki. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini umebeba karibu robo ya kolesteroli yote, na karibu yote umejitengenezea wenyewe. Ile ya kwenye damu haivuki kuingia humo.

Kwa hiyo anayekuuzia chupa ya mitishamba ya kuyeyusha mafuta ya kichwani anakuibia. Angeweza kuyayeyusha kweli, ungepooza, maana mayelini imejengwa kwa mafuta hayohayo.

Shida iko kwenye mabaki. Mayelini ikibomolewa, seli za kinga ziitwazo makrofaji na maikroglia huja kula vipande. Protini huzivunjavunja, ila kolesteroli hakuna seli inayoweza kuiunguza ikaisha. Lazima itolewe nje. Kazi hiyo huamriwa na vipokezi vya LXR vilivyo ndani ya kiini cha seli. Havipimi kolesteroli yenyewe. Vinapima oksisteroli, yaani kolesteroli iliyoongezewa oksijeni, ambayo huzidi kadiri mzigo unavyozidi. Oksisteroli ikishanasa, LXR, ikiwa imeshikana na mwenzake RXR, huwasha jeni za ABCA1 na ABCG1, pampu zinazoisukuma kolesteroli nje, pamoja na jeni ya ApoE, inayoibeba. Wakati huohuo hunyamazisha jeni zinazochochea uvimbe.

Wala kazi ya LXR haiishii kwa seli zinazokula mabaki. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwa panya kwamba LXR huzuia pia kukua kwa seli za Th17, wachochezi wakubwa wa shambulio hili: huamsha protini SREBP-1, nayo hukalia jeni ya IL-17, kemikali yao ya kuchochea uvimbe, na kuizuia isiwashwe. Mwaka 2018 jarida la Science likaeleza kuwa kwa panya wazee kolesteroli ya mayelini iliyobomoka ilirundikana ndani ya makrofaji hadi ikawa fuwele, fuwele zikachochea uvimbe, na mayelini mpya ikashindwa kujengeka vizuri. Walipopewa kemikali ya kuamsha LXR, ujenzi ulirudi kwa kiasi.

Kidonge cha kuamsha LXR bado hakijapatikana, kwa sababu kemikali hizo hulifanya ini litengeneze mafuta kupita kiasi. Na vidonge vya kushusha kolesteroli havichukui nafasi yake: jaribio kubwa la Uingereza, MS-STAT2, lilitangaza mwaka 2024 kwamba simvastatini haikupunguza kasi ya ugonjwa uliokwisha kufikia hatua ya kuzidi polepole bila kurudi nyuma.

Ganzi isiyoondoka, jicho moja linalouma na kufifia, mguu unaolegea: nenda kituo cha afya, dai rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Usikubali kuambiwa ni amarozi, yaani umerogwa. Dalili za mwanzo mara nyingi hupungua zenyewe baada ya wiki kadhaa, ndiyo maana mganga huonekana amefaulu. Shambulio la pili linapokuja, pesa ameshakula na mayelini nyingine imekwisha kubomoka.