Mtu Adhuriwaye na Karanga

Wengi wetu tumekula karanga tangu hatujaota meno. Mama huzitwanga, akazitia katika uji, na mtoto akanenepa. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba akila karanga moja tu huenda akafa, twamdhania kuwa mwongo, au twasema ana maringo. Mimi nilikuwa miongoni mwao waliosema hivyo. Katika shule ya msingi niliyosoma alikuwapo mvulana aliyekataa kabisa mchuzi wa karanga, akala ndizi kavu. Siku moja wenzetu walimpaka mchuzi kidogo katika ndizi zake alipogeuka, nasi tukakaa kutazama. Hazikupita dakika kumi midomo ilivimba, akajikuna mwili mzima, akatapika, kisha sauti ikakauka na kifua kikawa kinapiga mluzi. Tulimtembeza uwanjani apate hewa. Mwalimu mmoja akampeleka zahanati kwa pikipiki, na mganga wa pale akamchoma sindano ya adrenalini pajani. Akapona. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta habari za ugonjwa huu.

Ugonjwa wenyewe ni mzio, na wengine huuita aleji, neno lililotungwa mwaka wa 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa Vienna. Si uchawi, wala si kwamba karanga zina sumu. Mwili wa kila mtu una kingamwili, ambazo kazi yake ni kupigana na vijidudu. Kwa mwenye mzio, kingamwili za namna moja huidhania protini ya karanga kuwa adui. Hujipanga juu ya seli fulani zilizo katika ngozi, matumbo na njia ya pumzi, zikingoja. Karanga ikija tena, seli zile humwaga histamini na vitu vinginevyo kwa ghafula. Mishipa ya damu hulegea na kuvuja, koo huvimba, na nguvu ya damu hushuka. Karanga si peke yake. Maziwa ya ng'ombe, mayai, samaki, ngano, ufuta na korosho pia huwadhuru wengine. Walakini tusichanganye mambo. Mtu aharishaye akinywa maziwa kwa kuwa tumbo lake haliwezi kuyeyusha sukari ya maziwa, huyo hana mzio. Ataona taabu, lakini koo halitaziba.

Dawa zamani ilikuwa moja tu, nayo ni kuepuka. Hata hivyo mwaka wa 1908 daktari Mwingereza, Alfred Schofield, aliandika habari za mvulana wa miaka 13 aliyedhuriwa na mayai. Daktari huyu alimpa vidonge vyenye yai kidogo mno, akaongeza polepole kwa muda wa miezi, hata mvulana akaweza kula mayai. Ajabu ni kwamba jambo hilo lilikaa karibu miaka mia kabla ya madaktari kulifuata kwa bidii. Nadhani waliogopa, na haki yao kuogopa, maana kosa dogo la kipimo laweza kuua.

Hofu hiyo iliwapeleka mbali. Mwaka wa 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walitoa shauri kwamba mtoto ambaye jamaa zake wana mzio asipewe karanga mpaka atimize miaka 3. Watu wakatii, lakini mzio haukupungua. Mwaka wa 2008 shauri lile likaachwa, na mwaka huo huo Profesa Gideon Lack wa London na wenzake wakaeleza jambo walilolipata kwa kulinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wale wa Israeli. Wale wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga mara kumi hivi kupita wenzao, ingawa asili yao ni moja. Tofauti kubwa ilikuwa katika chakula: huko Israeli watoto hupewa vitafunio laini vya karanga wangali wachanga, na huko Uingereza walikuwa wakinyimwa.

Basi wakafanya jaribio. Walichukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, yaani wale waliokuwa karibu zaidi na hatari. Nusu yao walilishwa karanga kila juma, nusu wakazuiwa kabisa. Habari zilitolewa mwaka wa 2015. Walipofika umri wa miaka 5, katika kila watoto 100 waliozuiwa, 17 hivi walikuwa na mzio. Katika 100 waliolishwa, ni 3 tu. Kumbe ule uji wa mama zetu haukuwa ujinga! Lakini mtoto mchanga hupewa karanga zilizosagwa laini na kuchanganywa na chakula, kwani karanga nzima itamsakama kooni. Tena mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza.

Na yule ambaye mzio umekwisha mshika? Kwake njia ya Schofield imerudi. Januari 2020 serikali ya Marekani ilikubali unga wa karanga uliopimwa kama dawa. Mgonjwa huanza na nusu miligramu ya protini, akapanda kwa miezi mpaka miligramu 300, ambazo ni karibu punje moja. Kila kipimo kipya hunywewa mbele ya daktari. Haimfanyi mtu ale karanga apendavyo, bali humkinga asife kwa chembe iliyoingia chakulani kwa bahati mbaya. Februari 2024 ikakubaliwa sindano ya omalizumabu, iliyokuwa ikitumiwa kwa pumu, ambayo huzikamata zile kingamwili kabla hazijafika kwenye seli. Katika jaribio lake, watu 67 katika 100 waliweza kumeza miligramu 600 za protini ya karanga bila kudhurika sana. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walikuwa 7 tu. Ni dawa ya gharama kubwa. Asitokee mtu wa kujaribu haya jikoni kwake kwa kijiko.

Siku ya hatari yenyewe, dawa ni adrenalini, na si nyingine. Huchomwa katika msuli wa paja, upande wa nje, upesi. Na hali isipopata nafuu baada ya dakika 5 hivi, huchomwa tena. Vidonge vya kuzuia mwasho havifungui koo. Mgonjwa alazwe na miguu iinuliwe, au aketi kama pumzi zinamshinda, lakini asisimamishwe wala kutembezwa, maana damu hushuka miguuni na moyo ukakosa. Basi sisi tulimkosea mwenzetu mara mbili, kwanza kwa mchuzi, kisha kwa matembezi yale ya uwanjani.

Nilionana naye likizo iliyopita. Siku za mchuzi wa karanga, mpishi wa shule yake humpikia maharage katika sufuria ya peke yake, na mwiko wake umefungwa uzi mwekundu ili usitumike kwingine.